Kitambaa Juu ya Redio ya Baba

Ni mimi niliyeunguza redio ya baba. Nililificha jambo hili mpaka nikapata shahada mbili, na hakuna iliyonifundisha kulikiri. Juzi, dukani Iyunga, hapa Mbeya, niliona televisheni imevishwa kitambaa cha kufuma, nikanusa tena ule moshi.

Haikuwa redio ya kusikiliza tu. Baba aliitumia kuongea na watu wa nchi za mbali, na hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake pekee. Alasiri moja, nikiwa mtoto, alitoka kukaza waya wa antena, akaiacha inawaka, dirisha wazi, baridi ya Mbeya ikiingia. Feni ya ndani ya redio ilinguruma, nami nikadhani redio inatetemeka. Nikachukua kitambaa cha sufu alichofuma mama, nikakikunja mara mbili, nikaifunika kama mtoto mwenye homa. Sikujua kwamba feni ile ilikuwa inatoa joto la redio nje kupitia matundu. Haukupita muda, kitu kikalia *tap*, ikafuata harufu ya vumbi na plastiki inayoungua.

"Mama Neema, si nilikukataza kuziba matundu?" baba alifoka aliporudi ndani.

Mama alikitazama kitambaa chake, akakiondoa juu ya redio. Baba hakupata redio nyingine, na kila walipogombana aliitaja ile.

Jana niliwapigia simu Iringa, walikohamia baba alipostaafu.

"Mama, ile redio niliifunika mimi."

"Najua, mwanangu. Nani mwingine alikuwa ndani?"

"Basi mpe baba simu, nimwambie."

"Utamwambia nini? Leo asubuhi ameniuliza mimi ni nani."