Kuku Tuliyempikia Karani

Nakumbuka siku moja tulimpikia karani wa serikali kuku wa mchuzi, na nusura kuku yule amtie baba yangu kaburini. Usicheke, mwanangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemkimbiza nyuma ya nyumba, nikamkamata, nikamnyonyoa, huku nikijiona nimesaidia familia.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatutawala, nami nina umri wa kama miaka kumi na saba. Hapa Baraka waliniita Faida wa Alimasi, maana baba yangu Alimasi alikuwa mvuvi wa ndagala, yaani dagaa, na hapakuwa na mtu ziwani asiyemjua. Asubuhi moja wakiwa wanavuta mtumbwi mkubwa kuupandisha nchi kavu, gogo la kuuviringisha liliteleza, mtumbwi ukamwangukia kwenye muundi. Mfupa ukavunjika, ngozi ikapasuka. Tulifunga kwa vijiti, tukapaka majani, tukaomba. Mwezi ukapita, na kidonda kikaanza kunuka.

Mganga wa dispansari alikuja, akakitazama, akatutoa nje mimi na mama.

"Mumupeleke Uvira," alisema. "Mi hapa niko na dawa ya kuosha tu. Huu muguu unataka hospitali kubwa, na unataka upesi."

Gari halikufaa, barabara ilikuwa mashimo matupu. Palikuwa na meli ndogo iliyopita Baraka kila baada ya wiki mbili. Lakini nani angemlipia nauli? Nani angemlisha baba hospitalini, na mama akienda kumuuguza, wadogo zangu wanne wangekula nini? Siku zile tulikuwa tukila mara moja kwa siku, sombe, majani ya muhogo yaliyochemshwa bila hata tone la mawese. Mganga akatuambia uko mfuko wa kusaidia familia za watu walioumia. Unaandikisha jina kwa chefu wa eneo, kisha karani anatoka ofisi ya serikali ya Fizi kuja kuitazama nyumba. Akiona kweli hamjiwezi, mnapata karatasi ya msaada: nafasi melini, chakula cha mgonjwa na mwuguzi wake, na unga wa watoto wanaobaki. Mama alipiga magoti palepale akamshukuru Mungu.

Tukaandikisha. Jibu likaja kwamba karani atafika Jumanne.

Sasa sikiliza ujinga wetu, mwanangu. Sisi tuliposikia neno "mgeni", hatukusikia tena neno "msaada".

"Mugeni wa serikali hatakaa kwenye mukeka," mama alisema. "Bantu batatucheka mupaka Nundu."

Nikaanza mizunguko. Kwa jirani yetu Mama Zaina, mke wa fundi cherehani, niliazima viti viwili, kitambaa cha meza chenye maua, na sahani tatu nyeupe za bati. Kwake yeye kuazima kwa ajili ya mgeni halikuwa jambo la kuuliza maswali. Unapewa, unarudisha, na hakuna mtu anayelitaja tena, kwa sababu kulitaja ni kumwaibisha mwenye nyumba. Niliazima hata taa ya chemli nikaitundika ukutani, na mgeni mwenyewe anakuja saa nne ya asubuhi! Tukamvalisha baba shati la mume wa Mama Zaina. Tukaufunika mguu wake kwa kitenge kizuri cha mama, tukafukiza majani chumbani ili mgeni asisikie harufu. Kuku tuliyebaki naye alikuwa mmoja, yule wa mayai. Akaingia chunguni.

Karani akafika. Alikuwa mtu mpole, Filipo jina lake, na kofia yake ya jua aliivua tangu mlangoni. Akauliza habari za hapa.

"Muzuri tu, bwana karani," tukajibu wote kwa pamoja.

"Na chakula?"

"Mungu anasaidia," mama akasema. "Hatukose."

"Na muguu, baba?"

"Unaendelea," baba akasema, naye jasho linamtoka kwa maumivu. Hakufunua kitenge, na karani aliona haya kumfunua mtu mzima mbele ya mke na watoto wake. Tukampa firigisi, kama heshima ilivyotaka. Alikula, akasifu mchuzi, akaandika, akaaga. Mama alimsindikiza mpaka njiani, anarudi anatabasamu. Mimi nilirudisha sahani za watu huku nikiimba.

Jumamosi tarishi wa chefu akaja na karatasi. Niliisoma mimi, kwani nilikuwa nimepita shule ya misioni. Iliandikwa kwamba nyumba ya Alimasi ina uwezo wa kujisaidia yenyewe. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea kusoma. Mama aliweka mikono kichwani, hakulia, akakaa tu chini hivyo hivyo. Meli ilikuwa inapita Jumatatu.

Kesho yake shangazi Feza, dada mkubwa wa baba, alifika kutoka Nundu kumwona mgonjwa. Shangazi yule alikuwa na mdomo, wee! Nilimhadithia yote nikitarajia atamlaani karani pamoja nami. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani aliyekwenda kuazima vile viti.

"Ni mimi, shangazi."

"We! We uliyesoma!" Alipiga makofi mara moja, pa! "Muntu ametoka Fizi, anakuja kutafuta njaa yenu ni wapi, na nyinyi munaifunika na kitambaa ya maua! Alipaswa kuandika nini? Aandike kama kuku ilikuwa na chumvi kidogo? Karani hakukosa. Ni wewe umemufungia ndugu yangu mulango."

Nililia. Nilikuwa na hasira naye, na nilijua kila neno lake ni kweli, na hiyo ndiyo hasira mbaya zaidi. Aliniacha nilie kidogo, kisha akaniambia nifute macho nikatafute karatasi na kalamu, maana kama mkono wangu ulijua kuazima, ulijua pia kuandika.

Barua yenyewe haikuwa ngumu. Nilitaka kueleza kila kitu kilivyokuwa: viti ni vya nani, sahani ni za nani, shati ni la nani, kuku alikuwa wa mwisho. Ugumu ulikuwa baba. Aliposikia tunachoandika alijiinua kwenye viwiko.

"Jina langu haliandikwe masikini mu biro ya serikali," alisema. "Hapana. Nimelisha bantu hapa Baraka. Afazali nikufe."

Mimi sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimwambia baba yangu mzazi neno ambalo binti wa kabila letu la Kibembe hamwambii baba yake.

"Basi kufa, baba. Tutakuzika muzuri, na shati ya kuazima. Na kesho yake hawa batoto wane utawaachia nani? Uniambie jina ya huyo muntu, nimuandikie yeye barua."

Nilingoja kofi, na lingenistahili. Baba aligeuka ukutani, mabega yakitikisika. Akasema, bila kunitazama, "Andika. Lakini uandike kweli tupu. Usiniongezee umasikini ambao sina."

Nikaandika kweli tupu. Niliandika kwamba tuna shamba la muhogo ng'ambo ya mto, na kwamba hakuna wa kulilima vizuri kwa kuwa mama hawezi kumwacha mgonjwa. Niliandika kwamba tuna nyumba isiyovuja. Niliandika tunachokula.

Shangazi akasema barua peke yake haitoshi, mtu aliyedanganya mara moja anahitaji mashahidi. Jumatatu asubuhi nikaenda kwa Mama Zaina kumwomba aweke alama ya kidole kwamba vitu vilikuwa vyake. Alikataa.

"Mi niseme mbele ya serikali kama niliwaazima? Bantu batasema Mama Zaina anatangaza jirani yake. Hapana, mwanangu, usinitie mu aibu hiyo."

"Aibu ni yangu, mama. Mi ndiye ninakuomba uiseme."

Tulibishana mpaka jua likawa kali. Alikuwa bado anatikisa kichwa wakati honi ya meli iliposikika kutoka ziwani. Tuliisikia ikipiga tena, kisha injini ikaenda ikififia, na baba yangu hakuwemo. Mama Zaina akaingia jikoni, akapangusa masizi ya sufuria, akayachanganya na mafuta, akabandika kidole gumba chake kwenye barua yangu. Mumewe naye akabandika chake.

Kesho yake alfajiri mimi na shangazi tukashika njia ya Fizi kwa miguu. Ni kupanda tu, mwanangu, milima ile haina huruma. Tulilala njiani kwa watu wa ukoo, Jumatano asubuhi tukawa tumekaa kwenye ngazi za ofisi. Karani Filipo alipotuona alishtuka. Nilimpa barua. Aliisoma amesimama, uso ukabadilika.

"Kumbe mulinidanganya."

"Ndiyo, bwana karani. Tulikudanganya. Tunakuomba musamaha."

Alisema shauri limefungwa, na mwenye uwezo wa kulifungua ni mkubwa wake, na mkubwa ana kazi nyingi, turudi mwezi ujao. Shangazi akafungua kifurushi chake, akatoa muhogo wa kuchoma, akanipa nusu. "Tutangojea," akasema, akanyoosha miguu. Tulingoja siku ile nzima. Walipofunga mlango tulikuwa pale, na walipofungua Alhamisi tulikuwa pale. Mkubwa mwenyewe, Mbelgiji mwenye ndevu nyekundu, alichoka kuturuka kwenye ngazi, akatuita ndani. Karani akamsomea barua.

"Wiki ile mulikuwa na mali, leo muko masikini," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Mi nitaamini siku gani?"

Nilijibu, "Usiamini hata moja, Bwana. Utume muntu leo hii, pamoja na sisi, tusipate nafasi ya kutuma habari mbele. Atakachokuta, aandike hicho."

Alinitazama, akamtazama karani. Mchana ule lori la pamba lilikuwa linashuka Baraka, karani akapanda mbele, sisi tukapanda juu ya magunia.

Tulifika jua linaanza kuinama. Karani alisimama mlangoni petu bila kubisha sana. Mama alikuwa anakoroga sombe tupu isiyo na mafuta, wadogo zangu wamekaa kuizunguka. Baba alikuwa kwenye mkeka, mguu uko wazi, na nzi. Mama alipomwona mgeni aliruka, akaweka mwiko, nikajua mara moja anakokwenda. Alikuwa anakimbilia viti kwa Mama Zaina!

"Mama!" nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia. "Kaa chini!"

Akakaa. Namwona mpaka leo alivyokaa, mikono mapajani, ameona haya kama mtu aliyevuliwa nguo. Karani Filipo akavua kofia, akaketi kwenye mkeka kando ya baba, tukampa maji tu. Akauliza tena, "Habari ya hapa, baba?"

"Mubaya, bwana karani," baba akasema. "Tuko na shida. Mi siwezi kusimama, na hawa batoto wanalala na njaa."

Karani aliandika palepale, juu ya goti lake. Karatasi ya msaada ikafika, na meli iliyofuata ikamchukua baba pamoja na mama. Uvira walimkata mguu chini ya goti. Daktari alimweleza mama kwamba uozo ulikuwa umepanda mno, na kwamba wangefika na meli ya kwanza, pengine mguu ungebaki. Baba alirudi kwa magongo, akawa fundi wa kushona nyavu, akaishi miaka mingi, akawaoza mabinti zake wote. Hakunilaumu hata siku moja. Nimejilaumu mwenyewe, na sina haja ya msaidizi katika kazi hiyo.

Basi, mwanangu, ile karatasi ya kuomba msaada wa masomo uliyoniletea asubuhi nikuombee dua. Nimeisoma. Wanakuuliza hali ya nyumbani, nawe umeandika "nzuri kiasi." Kiasi gani? Baba yako amekufa, mama yako anauza samaki juani, nanyi mko sita! Unamficha nani? Anayeisoma hakujui, hatakuja kukuchungulia dirishani. Chukua kalamu ufute hilo. Andika mlichonacho na mlichokosa, wala usiongeze machozi ya uongo, kwa maana wakikukamata na uongo mmoja hata kweli zako zitatupwa. Mwombe mtu anayewajua aweke sahihi yake, hata kama ataona haya. Wakikukatalia, usiondoke kabla ya kuuliza wamekataa kwa sababu gani, na ukishajua sababu rudi nayo, ukae kwenye ngazi zao mpaka wakuchoke. Na usiseme utafanya kesho. Mimi najua wiki mbili zinakata nini.

Mungu akupe ulimi usioogopa kutaja shida yako, akukutanishe na mtu anayekubali kuketi chini akusikilize. Na siku utakapokuwa wewe ndiye uliyetumwa na kalamu mlangoni kwa watu, akupe moyo wa kuuliza mara ya pili. Haya, keti hapa karibu yangu uandike, nami nikutazame.