Niliwafundisha Kusema Wameshiba

Asubuhi niliyoondoka Peckham, kusini mwa Landani, sikujua naenda wapi. Nilikuwa na begi la nguo na kipande cha mkate wa kumimina alichonifungia Bi Zuwena kwenye karatasi. Hakunifukuza. Angenifukuza ningeona nafuu.

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema, usije ukanionea huruma kabla hujasikia.

Mimi ni mtu wa kutangatanga. Shule niliiacha Unguja nikiwa mdogo, miaka michache baada ya Mapinduzi, nikaingia melini kuosha vyombo hadi nikafika Landani. Nina udadisi usiokwisha. Mlango ukifungwa, lazima nijue kilicho nyuma yake. Lakini udadisi wangu ni wa upande mmoja: napenda kuuliza, sipendi kuulizwa.

Bi Zuwena alinipangisha chumba. Ni mjane wa Kiunguja, anasafisha wodi za hospitali. Dada yake mkubwa, Bi Time, yuko Unguja na wajukuu mayatima. Kule walikuwa wakipika mara moja kwa siku, muhogo mtupu, na siku nyingine chai kavu. Bi Zuwena alituma kifurushi kila alipopata msafiri. Vingine vilifika, vingine vilipotelea njiani.

Jumamosi moja alikuja msichana anayeitwa Rehema. Alisema ni mtafiti. Shirika moja la misaada lilitaka kupeleka chakula visiwani, lakini kisingetosha kila nyumba, kwa hiyo lilitaka kujua nyumba zenye ndugu Ulaya zinaishije.

"Wewe mtoto wa nani, mwanangu?" Bi Zuwena akamuuliza.

"Natoka Morogoro, mama. Nasoma chuo hapa."

Tulitazamana. Kaulizwa ukoo, kajibu chuo.

"Dada yako kule anapika mara ngapi kwa siku?" Rehema akauliza. Kisha, kama anayetutoa wasiwasi: "Sitaandika jina la mtu yeyote."

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Asiyetaka majina, nikajiambia, basi majina anayo tayari.

Tuelewane. Sisi tuliotoka Unguja miaka ile tuliogopa hata kuta. Mtu akiuliza habari za nyumbani kupita salamu, baraza zima linanyamaza na kila mmoja anatafuta viatu vyake. Na huyu alitaka kujua mpaka chunguni mna nini! Nilimwambia Rehema kwamba Bi Zuwena hajisikii vizuri, arudi wiki ijayo.

Alipotoka nilimfuata Bi Zuwena jikoni.

"Ukisema Bi Time ana njaa, umewaaibisha wakubwa kule. Kesho ataitwa aulizwe nani kapeleka maneno Ulaya. Mwambie wameshiba, sisi tunawapelekea kila kitu."

"Si uwongo huo, mwanangu?"

"Ni sitara, Bi Zuwena."

Neno hilo lilimtuliza, na nilijua litamtuliza. Kwetu mtu hufunika njaa ya nyumba yake kama anavyofunika mwili. Mgeni akija huambiwa tumeshakula, hata kama jiko halijawashwa tangu jana. Nilijua pa kumshika, nikamshika hapo.

Wiki iliyofuata Bi Zuwena alijibu kama nilivyomfundisha, macho yake kwenye sakafu. Rehema akashukuru. Mlangoni akaniomba: "Kaka, wewe unajulikana na watu. Nitembeze kwenye nyumba zao."

Nilikubali upesi. Wewe ungedhani ni wema. Nilitaka nimchunge.

Kila tulipofika, nilimwambia: "Subiri hapo nipige hodi, wasije wakawa hawajajistiri." Naye akasubiri kwenye baridi, kwa adabu zake zote. Mimi ndani nanong'ona: "Anatoka Bara, ametumwa. Semeni wameshiba."

Wakasema. Mzee mmoja dereva wa basi alizidisha chumvi. "Kwetu ni biriani, binti. Jumatatu hadi Jumatatu."

"Hata Jumanne, baba?"

"Jumanne ndiyo wanaongeza nyama."

Mkewe akamfinya, sote tukacheka. Rehema naye alicheka, akaandika.

Kituoni, tukisubiri basi, aliniuliza: "Kaka, mbona majibu yote yanafanana?"

"Watu wetu wamebarikiwa, dada."

Alinitazama sana. Nikajua kanishtukia, na shaka yangu ikanona. Siku nyingine nilimfuata mjini bila yeye kujua, nikamwona akimkabidhi makaratasi Mzungu mwenye koti refu. Huyo ndiye aliyemtuma, nikasema. Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja, nikamsimulia Bi Zuwena kama shujaa. Baadaye sana nilikuja kujua kuwa yule Mzungu ni mwalimu wake.

Miezi ikapita. Akaja nesi mmoja kutoka Unguja, ana kozi hapa, akapita kumpa Bi Zuwena salamu za nyumbani. Tulimwandalia chai. Hakuigusa.

"Chakula cha msaada kimefika mtaani," akasema. "Nyumba ya dada yako imepitwa. Aliambiwa, nyie mna mtu Ulaya, nyie mmeshiba."

"Na watoto?"

"Amewagawa, Bi Zuwena. Mmoja yuko kwa jamaa Pemba, mwingine kachukuliwa na watu wa Makunduchi. Kabaki na yule mdogo."

Bi Zuwena aliweka kikombe chini. "Nani aliwaambia kashiba?"

Nesi hakujua. Mimi nilitazama dirishani.

"Ni mimi," Bi Zuwena akajijibu mwenyewe. "Kwa mdomo wangu."

Nilisubiri anitaje. Hakunitaja, wala siku hiyo hakunitazama tena.

Kesho yake nilikwenda chuoni kwa Rehema, nikamweleza yote, hodi zote na minong'ono yote.

"Ulidhani mimi ni nani?" akauliza nilipomaliza.

"Mpelelezi."

"Mpelelezi angekuwa na njia zake za kujua ukweli, kaka. Mimi nilikuwa na wewe tu."

Aliniambia ripoti ilishafanyiwa kazi, lakini ataandika kwamba alidanganywa, ijapokuwa jambo hilo litamharibia yeye kwanza. Alihitaji wenyewe waje kusema kweli. Bi Zuwena alikwenda, kavaa buibui lake la Idi, akaeleza habari ya muhogo na chai kavu mbele ya yule Mzungu wa koti refu. Wengine niliowapitia wakakataa. "Sasa ndiyo unataka tuseme?" yule dereva aliniuliza. "Wewe nawe umetumwa na nani?"

Jibu la shirika halijaja mpaka leo. Nami sikuweza tena kula kwenye meza ya Bi Zuwena.

Ndiyo nikatoka asubuhi ile. Nilipanda basi, nikashuka, nikapanda jingine, hadi nikajikuta Hayes, karibu na uwanja wa ndege, ndege zinapita chini mpaka vioo vinatetemeka. Kwenye duka la vyakula nilisikia mama wa Kihindi akimgombeza mtu kwa Kiswahili cha Kisumu. Nikaingia, nikauliza chumba.

"Kipo juu. Umetoka wapi?"

"Peckham."

"Mbona umeondoka? Una ndugu hapa? Kazi gani unafanya?"

Huyu anataka nini? Nani kamwambia nakuja? Naapa, baada ya yote hayo, hilo ndilo lililonijia kwanza.

"Leo umekula?" akauliza.

"Nimeshiba, mama."

Aliacha kupanga makopo. "Sikukuuliza kama umeshiba. Nimekuuliza kama umekula."

Mkate wa Bi Zuwena ulikuwa bado begini, haujafunguliwa. Ulinishinda.

"Sijala," nikasema. "Tangu jana."

"Haya, weka begi juu, ushuke ule."

Nakuandikia kutoka chumba hicho, wewe ambaye kesho utabishiwa hodi na mtu mwenye maswali. Mshuku ukitaka, muulize katumwa na nani, mfungie hata mlango. Lakini usimtangulie kwa jirani ukamfundisha jirani la kusema. Njaa si yako, na hutakuwepo siku chakula kitakapompita.