Nilimnyima mke wangu mlima, nikamsingizia karani

Admin, nifichie jina. Mtaa wacha uonekane. Jang'ombe kubwa, wanitafute wakichoka walale.

Mimi mzee wa miaka themanini kasoro kidogo, fundi cherehani niliyestaafu kwa sababu sindano imekuwa hainioni wala mie siioni. Skuli niliishia darasa la nne. La tano liliniona kwa mbali likafunga mlango. Kwa hivyo nikikosea herufi msicheke herufi, chekeni meno yangu, yamebaki mawili na hayasemezani.

Haya yalianza mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimeoa mwaka mmoja tu. Mke wangu nimwite Zuwena, ingawa silo jina lake. Mzuri, mcheshi, na hajawahi kutoka nje ya Unguja. Na Unguja yetu mnaijua, kirefu kuliko vyote ni mnazi.

Sasa Zuwena ana mtoto wa mjomba wake, dereva, akiishi Dar es Salaam. Wakubwa wamesema binamu nyama ya hamu, na huyu alikuwa nyama yenye mchuzi. Kabla yangu alishawahi kutajwatajwa kwenye habari ya posa. Akaja kututembelea, akakaa kwenye mkeka wangu, akanywa kahawa yangu, kisha akasema ana likizo na gari, anataka kutupeleka sote wawili tukaone milima.

Akavipanga vikombe vyangu vya kahawa kwa mstari. "Hiki Dar. Hiki Chalinze. Hiki Korogwe, hapo tunakunywa chai. Hiki Mombo, hapo njia inaanza kujipinda kama utumbo wa kuku, tunapanda, tunapanda, mpaka Lushoto!" Lushoto ilikuwa sahani ya haluwa. "Huko asubuhi ukisema neno, moshi unakutoka mdomoni."

"Moshi?" Zuwena akashangaa. "Kama anayevuta sigara?"

"Kama garimoshi, nyama yangu ya hamu."

Nikameza. Utani wa mabinamu huo, una ruhusa, nikikasirika nitaitwa mshamba. Akachukua tende. "Hii mimi, kwenye usukani. Hii Zuwena, mbele hapa kando yangu, aone vizuri."

"Na mie?" nikauliza.

Akatoa mdomoni kokwa ya tende aliyokuwa akiitafuna, akaiweka nyuma kabisa. "Wewe fundi hapa, na mizigo. Utatushikia ndizi."

Zuwena alicheka mpaka akajifunika kanga usoni. Wanangu, mwaka mzima mie nilikuwa nikikitafuta kicheko kile sikukipata. Yule kakipata kwa kokwa.

Siku zile mtu wa hapa hakuvuka kwenda Bara bila ya kibali. Nikapeleka maombi na picha zetu mbili ofisini. Karani wa pale alikuwa jirani yetu, mtu mpole, kofia yake haijawahi kukaa upande. Baada ya wiki mbili akanipa karatasi zote mbili, zimegongwa muhuri. "Mpeleke mwenzio akatembee, fundi," akaniambia. "Kijana huyo, asije akazeekea jikoni."

Njiani kurudi nikaitazama picha ya Zuwena, na kila nikiitazama naona kiti cha mbele. Nilipofika nyumbani nshaamua. Karatasi nikazitia kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, nikaingia ndani na uso wa msiba.

"Karani kakataa," nikasema.

"Kakataa kwa nini?"

"Kasema huna la kufanya huko."

Hakulia mbele yangu. Alivitoa vile vikombe vya kahawa akaviosha kimoja kimoja, na vilikuwa vimeshaoshwa.

Binamu akenda peke yake. Akamletea kwa mtu wa meli kikapu cha mapeasi na sweta la sufu. Zuwena akalivaa Jang'ombe, mwezi wa Januari, jasho linamtiririka, anapika huku amelivaa. Mie nikalionea wivu hata sweta. Na karani kila akipita, "Subalkheri, Bi Zuwena," mke wangu anageuza uso. Ananambia, "Mtazame, huyo ndiye aliyeninyima mlima." Mie naitikia, "Mungu atamlipa." Karani amekufa hajui kosa lake. Hitimani mke wangu hakwenda.

Ningekaa kimya nikazikwa nayo, lakini mwezi uliopita imekuja posa ya mjukuu wetu, na mposaji ni mjukuu wa yule karani! Kijana wa watu, ana adabu, ana kazi, na bibi harusi anampenda mpaka hali. Masikini kijana, kasikia bibi ana hamu ya mlima, akataka kumfurahisha mke wangu: "Bibi, tukishaoana tu nakupeleka Lushoto kwa gari langu. Unakaa mbele."

Zuwena akamwambia, "Babu yako kaninyima, leo wewe unirambishe? Hatuozi kwenu." Tangu siku hiyo mjukuu wangu halali, hali, anatutazama kama tumemuua. Na wazazi wake hawathubutu kumpinga bibi.

Karatasi bado zipo kwenye droo. Juzi nimezifungua, picha ya Zuwena imepauka lakini jicho lile lile. Nikisema, mtoto anaolewa na marehemu anasafika. Lakini Zuwena atajua kwamba miaka hamsini amelala na aliyemnyima mlima. Na yule binamu yu hai, mjane, meno yake yote anayo, Idi zote anapiga simu.

Nishaurini, wajukuu zangu, nifanye nini? Na mkinambia niseme, basi nambieni na hili: kwenye gari hilo la Lushoto, mie nitakaa wapi?