Paka wa Fundi Cherehani

Paka wa shangazi yangu, fundi cherehani, alikuwa hatoki nje. Bado alikuwa anakua, lakini alifura kama unga wenye hamira, hata kiti kikamshinda kupanda. Daktari wa mifugo akaonya kwamba akizidi hivyo, viungo vitamharibikia. Shangazi akampunguzia chakula, na kila wiki akampima tumbo kwa futi ya kupimia nguo.

“Mama, unamshonea gauni?” binti yake akamtania.

“Koma! Wewe ndiye unayemlisha kwa siri.”

Binti akacheka, akaacha kumlisha.

Asubuhi moja, miezi kadhaa baadaye, shangazi alimpapasa paka, akazihisi mbavu kama mishono chini ya kitambaa. Mara paka akachomoka, akaruka mpaka juu ya kabati, kimya kabisa. Shangazi akamgeukia binti yake.

“Mwanangu,” akanong’ona, “kumbe tunaishi na chui!”