Mama Mkwe Hapimwi

Ndege yangu ni nusu. Nusu nyingine ni ya mwenzangu, fundi mstaafu mwenye kichwa kigumu, na hatujawahi kugawana nani ana mkia na nani ana pua. Ni ndege kuukuu ya watu wawili, injini moja, milango myepesi kama ya kabati la vyombo. Tunailaza kwenye banda la mabati kando ya kiwanja cha udongo, ukishapita Kibamba, mahali ambapo nyumba zinaanza kuwa chache na mikorosho inaanza kuwa mingi. Siku za kazi nauza pampu za maji Kinondoni. Jumamosi asubuhi na mapema naenda kule, naruka nusu saa, natua palepale nilipotoka, narudi nyumbani moyo umekunjuka. Watu huniuliza ndege hiyo inanipeleka wapi. Hainipeleki popote, na mimi nilikuwa naona utamu wake uko hapohapo.

Mlangoni mwa banda kuna mzani, wa kusimama juu, kama ule wa zahanati. Ni sharti la mwenzangu: hakuna abiria anayepanda ndege kabla hajapanda mzani, tena na alichoshika mkononi. Ndege ndogo kama yetu, kilo ishirini za ziada zinatosha kuifanya igome kupanda. Mfanyabiashara mmoja wa Buguruni, mtu wa tumbo na heshima zake, aliwahi kukataa kupimwa, na mwenzangu akamwambia basi arudi na gari lake alilokuja nalo. Siku hiyo nilicheka mpaka machozi. Nilijiona niko upande wa wenye akili.

Halafu mama mkwe akaja kutoka kusini kututembelea.

Mke wangu hajawahi kuipenda ndege. Tangu naanza kujifunza aliniambia, "Ukitaka kufa, kufa, ila usinifundishe kuomboleza kabla ya siku yake." Jumamosi hawezi kula mpaka asikie gari langu getini. Kwa hiyo mama yake alipotamka, siku ya tatu tu, huku anamenya machungwa, kwamba anataka kupandishwa juu auone huu mji ambao umewameza watoto wake wote, nilidhani mke wangu atalipuka. Hakulipuka. Alimtazama mama yake, akanigeukia mimi.

"Niapie utamrudisha."

Nikamwapia. Sikuapa kwa mzaha, na nataka hilo lijulikane.

Sasa, kwetu kusini mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Hukai naye mkeka mmoja. Akipita unainamisha macho, ukimpa kitu unampa kwa mikono miwili, na kuna maneno ambayo kinywa chako hakiyatamki mbele yake mpaka anazikwa. Tayari ilikuwa mtihani kwamba tungekaa bega kwa bega ndani ya kile kisanduku. Lakini kumwambia avue viatu asimame kwenye mzani, mimi niiname nisome sindano? Nikamwomba mke wangu amuulize kwa faragha.

"Nimuulize mama ana kilo ngapi?" akasema. "Kwani anauzwa?"

Hapo ningeweza kumweleza kwa nini naulizia. Nilinyamaza, maana maelezo hayo yangemtia hofu na safari ingekufa. Usiku ule nikiwa kitandani nikamkadiria mama mkwe kwa jicho la kumbukumbu, tena jicho lenye adabu lisilomwangalia vizuri. Nikamwekea kilo sitini. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanichoma: nilichagua Jumapili, kwa sababu Jumapili mwenzangu anakuwa kanisani.

Tulipanga kutoka saa kumi na mbili asubuhi, hewa ikiwa bado baridi na nzito, ndege inaipenda. Lakini mama mkwe haharakishwi. Alioga, akanywa chai, akabadilisha khanga mara mbili, akapigiwa simu na dada yake wakaongea ya huko kwao mpaka yakaisha. Akasema afadhali aswali kabisa adhuhuri ndipo tutoke. Nikasema sawa, mama. Kila alichosema nilisema sawa, mama. Tulifika kiwanjani saa nane, jua la Februari linakaanga mabati, na hewa imekuwa nyepesi kiasi kwamba hata mbwa wa mlinzi alikuwa amelala kwa ubavu.

Alishuka garini na mfuko wa shangazi kaja, umefungwa mdomo kwa kamba. Nikaupokea kwa mikono miwili. Mikono iliniambia kabisa kwamba huu si mfuko wa nguo. Sikuuliza kuna nini; utaupekuaje mfuko wa mkweo? Nikaupachika nyuma ya viti. Matangi yalikuwa yamejaa, na ningeweza kupunguza mafuta, lakini angeuliza kwa nini. Tukaupita mzani pale mlangoni kama vile ni stuli ya mtu.

Katikati ya kiwanja chetu kuna tairi lililopakwa chokaa. Ukilifikia bado magurudumu yako chini, unakata moto, unasimama, hakuna mjadala. Tulilifikia tukiwa chini. Mkono wangu ulikuwa pale pale unapotakiwa kuwa, ilikuwa ni kuuvuta tu. Nikamwona mama mkwe kwa pembe ya jicho, ameshika ncha ya khanga kidevuni, anatabasamu kama bibi harusi, na nikaona aibu kusimama. Naandika neno hilo bila kulipamba: aibu. Nikaliacha tairi likapita.

Magurudumu yalinyanyuka kiwanja kimekaribia kuisha, na ndege ikakataa kupanda zaidi ya hapo. Mikorosho ikaja mbele. King'ora kinachoonya kwamba mabawa yanashindwa kubeba kikaanza kulia, sauti nyembamba ya mtoto mgonjwa. Ukivuta usukani ili kupanda, unaanguka. Usipovuta, unaingia kwenye miti. Nilishusha pua kidogo kuitafutia mwendo, nikalenga pengo kati ya miti miwili mikubwa, na nikasikia chini yetu kitu kikichakarisha, mara moja, kama mtu anayefagia. Kisha tukawa upande wa pili. Nilikuwa nimelowa jasho mpaka soksi.

Mama mkwe aliiangalia miti ikibaki nyuma. Tulivuka Barabara ya Morogoro chini kabisa, tukaanza kupanda taratibu mno, na alipoona mapaa yametandaa mpaka macho yanaishia akavuta pumzi ndefu.

"Sasa tunashukia kwa nani?" akauliza kwenye spika za masikioni.

"Hatushuki kwa mtu, mama. Tunazunguka tu, tunarudi tulikotoka."

Akageuka kuutazama mfuko wake. "Kumbe. Na hizi korosho nimembebea nani?"

Ndipo nikaelewa. Mtu mzima haendi kwa watu mikono mitupu, na yeye hakuwa amewahi kusikia safari isiyo na mwenyeji mwisho wake.

Tulipotua mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, bado na suti ya kanisani. Alimwamkia mama, "Shikamoo mama," akamkaribisha kivulini kwa upole. Kisha akazunguka ndege. Alisimama kwenye gurudumu la kushoto, akachomoa kitawi chenye majani matatu mabichi, akakiweka juu ya bawa. Akautoa mfuko, akauweka mzanini. Kilo kumi na moja.

"Mama, samahani," akasema, "na wewe panda hapa kidogo."

Nilitaka ardhi ipasuke. Mama mkwe akavua kandambili, akapanda mzani vizuri kabisa, akanyoosha mgongo. "Mbona hukusema mapema, baba?" akaniambia mimi. "Kliniki ya presha napimwa kila mwezi." Kilo sabini na tisa. Mwenzangu alinitazama tu, na afadhali angenitukana. Mama mkwe alishuka, akakichukua kile kitawi juu ya bawa, akakigeuza. "Mkorosho huu," akasema. Akakifunga kwenye pindo la khanga, na korosho zake akampa mwenzangu.

Nyumbani alisifia mapaa, magari yalivyo madogo, bahari kwa mbali. Kuhusu miti hakugusia. Akaondoka wiki iliyofuata, na mimi sikuruka tena. Nikamwambia mke wangu injini inafanyiwa matengenezo. Yeye ndiye aliyebadilika. Alianza kuwaambia majirani jinsi mumewe alivyompandisha mama yake na kumrudisha salama. Jumamosi, alisema, sasa atakula hata nikiwa angani. Na jioni moja, huku anakunja nguo, akasema, "Kama mama amerudi mzima, na mie nipandishe basi. Nimechoka kuogopa peke yangu."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda bandani, sikugusa ndege, nikarudi na mzani. Nikauweka sebuleni.

"Wa nini?"

"Kila anayepanda ndege lazima apimwe kwanza. Mama sikumpima."

Nilimweleza yote, pamoja na Jumapili, pamoja na tairi. Alisikiliza amesimama, mkono kwenye mdomo. Alichukua simu akampigia mama yake, akaweka sauti ya nje ili na mimi nisikie.

"Shikamoo mama. Una kilo ngapi?"

Kule upande wa pili kulikuwa na kuku, na mtu akitwanga. Kisha mama mkwe akasema polepole, "Kumbe amekwambia. Mie nilidhani tutakaa nalo wawili, mie na yeye."

Mke wangu alikata simu bila kumuaga mama yake, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.