Medali ya Babu na Shimo la Kilangala

Mwezi uliopita vijana wa mradi wa maji walipita mtaani kwetu hapa Miteja wakichimba mtaro wa mabomba. Nilikuwa uani napepeta ufuta. Udongo wa juu hauna neno. Lakini walipofika chini, pale palipo pekundu na penye unyevu, harufu ikanijia ikanikaa kooni. Niliweka ungo chini nikaingia ndani, nikakaa kitandani mpaka adhana ya alasiri. Mwanangu akauliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nimekumbuka tu. Harufu ile naijua kwa sababu udongo ule nimewahi kuula. Ulinijaa mdomoni na puani nikiwa na miaka kumi.

Shule mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo msinitegemee maneno ya mapambo. Nitasema yalivyokuwa, na walioyatenda nitawataja kwa majina, maana wao hawakuona haya kuyatenda.

Baba yangu alipofariki nililelewa na kaka yake, Saidi Ngokwe, kule Kilangala. Baba Mkubwa Saidi alikuwa na mikorosho mingi na kauli nzuri msikitini, ila mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye mashavu ya watoto wasio wake. Mtu wangu mle nyumbani alikuwa Bibi, mama yao. Ndani ya sanduku lake, chini kabisa, Bibi alikuwa na medali iliyofungwa kwenye kipande cha kanga. Ilikuwa duara la fedha, jeusi kama ganda la korosho lililoungua, na utepe ambao zamani ulikuwa mwekundu. Ilikuwa ya Babu. Babu alikuwa askari wa keya, alipigana upande wa Mwingereza kumfukuza Mjerumani. Bibi alijua hayo tu. "Alivishwa gwarideni," aliniambia. "Akarudi nayo, na meno mawili yamepungua."

Siku moja karibu na Idi tulikuwa tunasugua masinia kwa ukwaju na majivu, Bibi akanipa na medali. Niliisugua kwa mapenzi yangu yote. Weusi ukatoka, ikang'aa kama jicho la samaki mbichi. Upande mmoja kikatokea kichwa cha mwanamume mwenye kofia ya chuma. Upande wa pili panga mbili zimepishana, na maandishi. Nikaiinua juani nimwoneshe Bibi, na Baba Mkubwa naye ndiyo anapita.

Nyie wa kwetu kusini mnajua. Kwetu kila chuma cha kale ni cha Mjerumani, na kila jiwe lenye mkwaruzo ni alama. Eti alipokuwa anakimbia alizika rupia zake, na kila shimo lina mwenyewe, jini analilinda. Nimeona watu wazima wameacha mashamba yaliwe na ngedere, wao wako porini wanapima hatua kutoka kwenye jiwe. Baba Mkubwa alikuwa mmoja wao. Akaniita nisome yale maandishi. Nikashindwa. Herufi nyingine zilikuwa zetu, nyingine zimepinda kama zimekataa kuandikwa.

"Basi ndiyo yenyewe," akasema. "Angekuwa hafichi kitu, angeandika kama watu."

"Saidi, hiyo baba yako alipewa na Mwingereza," Bibi akamwambia. "Mambo ya Mjerumani yanatoka wapi?"

"Mama, haya huyajui. Wewe angalia mboga jikoni."

Akamleta mganga kutoka Sudi, jina lake Mtopa. Mtopa aliitia medali kwenye sahani nyeupe ya maji, akaikodolea macho mpaka nikadhani amelala. Panga mbili zilizopishana, akasema, ni njia panda iliyo nyuma ya mikorosho. Pachimbwe hapo. Na wa kwanza kushuka kugusa mali awe mtoto wa kike wa damu ya mwenye medali, ambaye hajavunja ungo. Wote wakanigeukia mimi. Nakumbuka nilijisikia mkubwa.

Shimo likachimbwa siku nne. Lakini Baba Mkubwa hakumwamini Mtopa moja kwa moja, aliogopa kuibiwa fungu. Akanichukua mpaka Lindi mjini, mtaa wa Ndoro, kwa sonara aliyeitwa Fundi Rashidi, aliyesifika kwa kujua vyuma vya vita. Watu walimpelekea medali za wazee wao aziyeyushe ziwe bangili. Yeye alikuwa anawapa fedha nyingine ya uzito ule ule, medali anaziweka ndani ya boksi la nyuzi. Mkewe, tuliambiwa, alikuwa amenuna mwaka wa tatu huo.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Nani ameisugua hii?"

"Mimi. Kwa ukwaju."

Akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Mjukuu wangu, weusi ule ndio umri wake. Umemnyoa mzee ndevu."

Kisha akafanya kazi yake, nami nikasahau kumwogopa. Aliweka karatasi laini ya pakiti ya sigara juu ya medali, akaisugua taratibu kwa penseli, kile kichwa kikajitokeza kwenye karatasi, kofia na yote. Akaipima kwa mizani. Akafunua mkunjo wa utepe pale ambapo jua halijafika, akaona bado ni mwekundu. Halafu akatoa kitabu cha picha kisicho na jalada, alichoachiwa na Mzungu mmoja wa meli, akalinganisha herufi moja moja kwa ncha ya kibanio.

"Hii ya Waserbia," akasema. "Ya ushujaa."

"Ndio Wajerumani gani hao?" Baba Mkubwa akauliza.

"Si Wajerumani. Walipigana nao. Walikuwa upande mmoja na Mwingereza, na wafalme wale walikuwa wanapelekeana medali kama sisi tunavyopelekeana sahani za futari. Mserbia kampelekea Mwingereza, Mwingereza kampa mzee wako. Hapa hakuna ramani, bwana. Hapa kuna mtu alifanya jambo kubwa vitani."

Baba Mkubwa akaipokonya. Tulipotoka akaniambia, "Umemwona? Anataka aje achimbe mwenyewe." Lakini kabla hatujatoka Fundi alikuwa ameniuliza kwa upole nasoma darasa la ngapi, nami nikamjibu kwa fahari kwamba la tatu, na kwamba kesho nashuka shimoni.

Nilishuka kweli. Walinifunga kamba kiunoni. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na kuta zilikuwa zinatoa jasho. Juu niliona duara la mbingu na vichwa vitatu: Baba Mkubwa, Mtopa, na mtoto wa Baba Mkubwa, Hamisi, aliyeshika kamba. Nilipogusa chini nikasikia kama mtu anashusha pumzi, ukuta wa upande mmoja ukaja wote. Ulinifunika mpaka kidevuni, mdomo ukajaa.

Nilimsikia Mtopa: "Mwenyewe kamchukua! Asiguse mtu, atakayegusa anafuata!" Nilimsikia Hamisi akiiachia kamba. Nikamsikia Baba Mkubwa, na haya maneno nayajua mpaka leo: "Somoe mwanangu, tusamehe." Kisha nikasikia miguu yao, na ilikuwa inakwenda.

Sijui nilikaa kwa muda gani. Kila nikitoa pumzi udongo ulinibana zaidi. Baadaye nikasikia sauti ya Bibi inalia, na kichwa kikachungulia chenye kofia ya kiua. Fundi Rashidi. Amekuja na lori la korosho kutoka mjini.

"Mtoto, unanisikia?"

"Ndiyo."

"Usiongee. Pumua kidogo kidogo, kama unayeiba."

Majembe wale watatu walikuwa wamekimbia nayo. Bibi akafunga kamba kwenye mkorosho, Fundi akateremka, na alichopata cha kuchimbia ni ile sahani nyeupe ya Mtopa, iliyosahauliwa pembeni na ubani wake. Alichimba kwa sahani, na ilipovunjika alichimba kwa mikono ile ya kushika dhahabu. Na muda wote alikuwa anasoma Ayatul Kursiyu, ile aya ya kinga, akifika mwisho anaanza upya, huku sauti inakatika. Nikafarijika sana. Nikasema moyoni, mzee huyu ananisomea.

Alinitoa mbavu mbili zimevunjika na kucha zake tatu zimeng'oka. Wale watatu walisema kijijini kwamba jini ameniachia kwa sababu ya dawa za Mtopa. Mbavu hadi leo baridi ikiingia zinanijulisha, na kila zikinijulisha nawakumbuka, siwezi kusema nimewasamehe. Mwezi ule ule Bibi alinileta huku Miteja kwa mama yangu mdogo, na medali, aliyomnyang'anya Baba Mkubwa, kwenye kipande chake cha kanga.

Nilirudi Lindi nikiwa mwanamke mwenye watoto wawili, nikampelekea Fundi ile medali iwe yake. Macho yalikuwa yameanza kumwacha. Aliipapasa kwa kidole gumba, akacheka.

"Unajua siku ile nilifuata hii?" akasema. "Ya Mjerumani ninayo, ya Mwingereza ninayo, ya Mserbia sikuwa nayo. Sikulala. Nikasema niende nikamwombe bibi yako. Na habari yako ya kushuka shimoni ilikuwa inanisumbua pia, nisiseme uongo. Ila kwanza nilifuata hii."

Sikuona vibaya. Nilimpenda zaidi, kwa kuwa siku ile aliponitoa hakuitaja medali hata mara moja.

Nikamwuliza lile ambalo nilikuwa nimelibeba miaka yote. "Babu, wale wengine walikimbia. Wewe hukuogopa kwa sababu ulishajua hakuna jini, siyo?"

Akaizungusha medali.

"Nilijua hakuna mali ya Mjerumani," akasema. "Kuhusu jini, sikuwa na kitabu."

Nikamtazama mikono. Kucha tatu zilikuwa zimeota vibaya, nene na za rangi ya pembe. Ndipo nikajua kwamba mle shimoni hakuwa ananisomea mimi. Alikuwa anajisomea mwenyewe, anaogopa, na mikono haikuacha kuchimba.