Mlima Wote Umeonekana

Leo nimelipiza kisasi, na sijuti hata kidogo.

Shemeji yangu Seif mnamjua. Binti yangu alipoolewa hapa Dubai, Seif alituma nyumbani Unguja picha ya nikaha akiwa amenikata. Yeye, mjomba, kajaa katikati. Mimi, baba mzazi, nimebaki mkono tu begani kwa bwana harusi.

Ndugu wakauliza kwenye kundi: "Huo mkono wa nani? Kwani baba yake hakuwepo?"

Seif akajibu kwa kucheka tu. Nikanyamaza. Kunyamaza si kusamehe.

Basi leo tulikuwa Al Quoz, kwenye ghala lenye maonyesho ya kazi za maisha yote za mpiga picha mmoja wa Kichina. Nyuso za wakulima wazee, kisha milima yenye ukungu.

Nikamweleza Seif (ualimu haujanitoka, nivumilieni) kwamba mpiga picha huyu hawakati watu. Kila mzee yumo na mikono yake, maana mikono nayo husimulia maisha ya mtu.

"Khalas, mwalimu, somo limeisha!"

Akasimama kando ya picha kubwa kuliko zote, akanyoosha mkono kuelekea kileleni.

"Nipige, shemeji. Nataka mlima wote uonekane!"

Nikapiga kwa simu yangu, taratibu, bila haraka.

Nimeshamtumia, na sasa hivi ananipigia. Sipokei.

Picha ni hiyo hapo chini. Mlima umeonekana wote, kama alivyotaka.

Jamaa wa Unguja, hebu niambieni: huo mkono wa nani?